Upupu Kwenye Kola Nyeupe

Nyumbani kwa dobi, asubuhi huanza na mkaa. Baba aliuwasha, akaujaza ndani ya pasi, kisha akasimama mlangoni akiipeperusha pasi hadi cheche ziruke. Binti yake naye aliitwa Cheche, kwa sababu kama mkaa ule, hakuhitaji upepo mwingi kuwaka.

Kazi ya Cheche kabla ya kwenda shule ilikuwa kukunja nguo na kuzipanga kwa kufuata uzi. Baba hakuandika jina la mtu kwenye nguo. Kila nyumba ilikuwa na rangi yake ya uzi, mshono mdogo ndani ya kola: bluu kwa fundi viatu, kijani kwa mwalimu wa zamu, nyekundu kwa dereva wa lori, baba yake Tarumbeta, aliyesoma darasa moja na Cheche.

Asubuhi hiyo mikono ilikunja nguo, lakini moyo ulikuwa ukitokota.

Cheche alikuwa ametoka kisiwani, kwa mjomba wake mpiga mbizi, aliyemtumia tikiti ya meli. Likizo ya ajabu! Injini ya boti ilizimika, wakalala kwenye mchanga katikati ya maji, kaa wakiwapanda miguuni. Aliingia pango lenye popo wengi kuliko watoto wa shule. Siku moja alikatiza kichaka, akagusana na maganda yenye manyoya ya kahawia, akawashwa hadi akagaagaa. Mke wa mjomba alimsugua kwa majivu makavu huku akicheka.

"Pole, mwanangu. Umesalimiana na upupu. Usitie maji, utauchokoza zaidi."

Cheche alirudi na maganda mawili ndani ya kopo, awaonyeshe wenzake. Hakupata nafasi. Shule ilipofunguliwa, hata hajafika mwisho wa kisa cha kaa, Tarumbeta alipaza sauti yake iliyompa jina.

"Muongo! Kisiwa gani? Baba yako anafua soksi za watu, meli mnaijulia wapi? Ulikuwa kwa shangazi yako unachambua maharage. Hao kaa umewaona kwenye kalenda!"

Darasa likaangua kicheko.

"Alienda Kisiwa cha Povu!" mwingine akadakia. Tangu hapo kila alipopita aliitwa hivyo: Kisiwa cha Povu.

Msichana mmoja tu alisimama. Ni binti wa muuguzi, mpole hadi wenzake wakamwita Kimya.

"Mimi namwamini," alisema. "Hofu ya namna ile mtu haibuni." Naye akachekwa.

Cheche hakulia. Machozi ni maji, na maji huzima moto. Yeye alitaka moto wake uwake. Alilala nao, akaamka nao. Na sasa, mbele ya rundo la mashati meupe ya shule, aliona uzi mwekundu ndani ya kola moja.

"Umekuja mwenyewe," alinong'ona.

Alichungulia uani. Baba alikuwa akianika mashuka. Cheche akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akafungua kopo, akakung'uta manyoya ya upupu ndani ya kola na mgongoni. Kitu kidogo kilimsumbua. Kola ile ilikuwa safi mno, na shingo ya Tarumbeta haikuwa na urafiki na sabuni. Baba angemwambia mara moja shati lile ni la nani. Lakini angemuulizaje? Alilimeza swali, akalikunja shati kwa uangalifu kuliko mengine yote.

Kesho yake, wanafunzi walipojipanga mbele ya madarasa, Cheche alisimama nyuma ya Tarumbeta.

"Utacheza leo," alimwambia kimoyomoyo. "Utacheza bila ngoma."

Tarumbeta akapiga miayo.

Ukelele ukatoka mbele ya safu. Kimya alikuwa akijikuna shingo kwa mikono yote miwili, akajipinda, akapiga magoti, machozi yakimtiririka.

"Mgongo! Mgongo unaungua!"

Mwalimu wa zamu akamkimbilia. "Umekula nini? Umekalia nini?"

"Sijui, mwalimu! Ni tangu nivae hili shati. Limetoka kwa dobi jana!"

"Si mnaona?" akasema Tarumbeta. "Sabuni yake mbaya! Heri sisi tulihama mwezi uliopita, nguo zetu zinafuliwa kwingine."

Cheche alichomoka kwenye safu, akamsogelea Kimya.

"Kama ni sabuni," mwalimu alisema kwa hasira, "basi zangu nazichukua leo, na wazazi wote nitawaambia. Leteni maji!"

Ndoo ilikuwa imeshanyanyuliwa. Cheche angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuona, hakuna aliyemshuku. Lakini maji yangemzidishia Kimya mateso, na jioni baba angebaki na kamba tupu uani.

"Msimtie maji!" alipiga kelele. Akatimua mbio hadi jikoni kwa mpishi wa shule, akarudi na sahani ya majivu yaliyopoa. Mwalimu na Cheche wakamwingiza Kimya ofisini, wakamvua shati, wakamfunika shuka. Cheche alianza kumsugua taratibu shingoni.

"Umejuaje dawa yake?" mwalimu aliuliza.

"Kwa sababu ni mimi niliyeweka, mwalimu. Sabuni ya baba haina kosa. Ni upupu. Nilidhani shati ni la Tarumbeta."

Tarumbeta, aliyekuwa akichungulia dirishani na nusu ya darasa, alijishika shingo.

"Ulikuwa wangu?"

"Ulikuwa wako."

"Lakini upupu huku kwetu hauoti..." Akamtazama Cheche. "Kumbe kweli ulienda."

Neno alilolitamani lilimfikia hatimaye, wala hakuwa na mkono wa kulipokea. Mikono yote miwili ilikuwa mgongoni kwa Kimya.

Jioni baba alivaa shati lake zuri, akamshika Cheche mkono, wakaenda kwa muuguzi kuomba radhi. Muuguzi alisema kwa ukali kwamba upupu ungeingia machoni ungemdhuru mtoto vibaya. Wakakubaliana: hadi shule ifungwe, sare za Kimya zitafuliwa na Cheche mwenyewe, kwa mkono wake.

"Nisamehe," Cheche alimwambia rafiki yake.

"Leo nimekukasirikia," Kimya alijibu. "Njoo kesho nione kama nimemaliza."

Njiani kurudi nyumbani Cheche alishindwa kuvumilia.

"Lakini alikutukana, baba! Alisema unafua soksi za watu."

"Si ni kweli? Nazifua, na zinarudi safi. Tusi liko wapi hapo? Uongo aliousema ni kuhusu wewe, na ungeweza kumjibu mchana kweupe, mbele ya mwalimu. Sasa niambie: uzi mwekundu ni wa nani?"

"Nilijua ni wa dereva."

"Ulikuwa wa dereva. Ulipokuwa kisiwani walihama, nikampa muuguzi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje, baba? Ungetaka kujua kwa nini."

Baba alisimama.

"Basi shika hilo. Kila siku unaniuliza, hili la nani, lile la nani, hadi nachoka. Jana tu ndiyo ulinyamaza. Kisasi kilikuziba mdomo kwanza, ndipo ukakosea shati. Na hata usingekosea, shingo ya Tarumbeta nayo ni shingo ya mtoto wa mtu. Mwanangu, jambo ukiona huwezi kumuuliza anayekupenda kabla hujalitenda, usilitende."

Cheche aliinamisha kichwa.

"Nimesikia, baba."

"Haya, tembea. Mwalimu ameacha nguo zake kwetu, na anazitaka asubuhi."