Maiti Chini ya Ngazi ya Mwaloni

Dokta Severin Kallweit, mkurugenzi wa jumba la uwindaji la Hirschgrund, alikutwa Alhamisi asubuhi amelala chali chini ya ngazi ya mwaloni. Shingo ilikuwa imevunjika. Katikati ya meno yake kulikuwa na kijiti kibichi cha msonobari.

Inspekta Hartmut Wendrich alichuchumaa kando ya maiti. Kisha, kabla hajauliza lolote, akatazama juu.

Nani angeacha kutazama? Ngazi ile ilipanda ikijizungusha kwenye shina moja, vidato tisini na sita, mpaka roshani ya paa, na msumari haumo hata mmoja. Kila kidato kimechomekwa katika mwenzake kama vidole vya mtu anayesali. Huko juu mfalme aliyejengewa jumba hili alikuwa anasimama, na njia nane za msituni zinafunguka mbele yake kama mbavu za mwavuli. Kulungu hakuvuka hata moja bila kuonekana. Miaka mia tatu watu wamemsifu mfalme kwa shabaha. Mafundi waliomwinua mpaka pale, jina lao halijaandikwa popote.

Mpigapicha wa polisi hajamaliza kazi, simu ya mkuu wa wilaya ikaita. Jumamosi waziri anakuja, alisema, kwa hiyo iandikwe ajali: ngazi kuukuu imeoza, mtu kateleza. Wendrich akamuuliza juu ya kijiti. Mkuu akasema jumba zima limejaa matawi ya mapambo, moja limemwangukia mdomoni, na jalada analitaka mezani kesho saa sita. Wakubwa wakishaamua, maiti haingojwi ipoe.

Wendrich aliyaokota matawi ya mapambo moja moja. Yote yalikatwa kwa mkasi. Kijiti cha mdomoni kilivunjwa kwa mkono, gome likabaki linaning'inia. Naye daktari wa maiti alimweleza kwamba damu ya midomo ilikauka chini ya kijiti, juu yake hapakuwa na tone. Kiliwekwa baadaye.

Babu yake Wendrich alikuwa mwindaji. Kulungu akianguka, babu alivunja kijiti, hakukikata kwa kisu hata siku moja, akamtilia mdomoni kiwe tonge la mwisho, akavua kofia. Wawindaji wa kule hawamwachi mfu bila hilo.

Funguo za jumba walikuwa nazo watu wawili tu, ukimtoa marehemu. Wa kwanza ni Traude Lohse, mlinzi.

"Unawinda, Mama Lohse?"

"Nawinda vumbi, Inspekta. Nalo hunishinda."

"Na marehemu?"

"Yule? Kulungu na mbuzi wa jirani alikuwa hawatofautishi. Siku ya kwanza aliniuliza kama zile pembe za ukutani huwa zinaota tena."

Alieleza kwamba jana saa kumi na moja jioni aliwaacha Kallweit na seremala wanapanda ngazi, Kallweit ana chaki mkononi. Yeye akaenda zake nyumbani.

Seremala ndiye mwenye ufunguo wa pili: Gotthelf Nestler, mwindaji, miaka arobaini anaitunza ngazi ile. Alama zake za vidole zilijaa kila kidato, kwa hiyo hazikuthibitisha kitu. Alisema aliondoka mapema. Kijiti peke yake hakimfungi mtu mahakamani. Wendrich alilijua hilo, na mzee alilijua pia.

Kabla ya kumhoji tena, Wendrich aliipanda ngazi yote, akikanyaga kila kidato kwa uzito wake wote wa kilo mia na tano. Haikulia. Akashuka, akaketi mbele ya mzee na karatasi ambayo mkuu wa wilaya alikuwa ameituma itiwe sahihi.

"Nakusomea, Mzee Nestler. 'Chanzo cha kifo: kidato cha sitini kilichooza.'"

"Nani kasema?"

"Wakubwa."

"Wamekipanda?"

"Hawajafika hata mlangoni. Mbao za mfalme zinalindwa na sheria, mpaka zithibitike ni hatari. Hii ikitiwa sahihi, zimethibitika. Jumatatu wanaleta misumeno waikate ngazi."

Mzee aliitazama mikono yake.

"Kilikuwa kizima," alisema. "Kidato kizima. Nilimsukuma mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anachora chaki pa kupitisha msumeno. Anataka lifti ya chuma. Nikamwambia, hiki kitu binadamu hawezi tena kukitengeneza. Akacheka. Akasema, 'Kuni hizi, babu.' Nikamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Sikutaka afe. Nilitaka anyamaze."

"Na kijiti?"

"Nilishuka nikamkuta ameshakata roho. Nikatoka, nikarudi nacho. Nilipojitambua, kofia iko mkononi." Akaifumbata mikono yake. "Ukishaua, unaheshimu. Nimefundishwa hivyo."

"Ungenyamaza, nisingeweza kukufunga."

"Najua. Na yeye angeshinda akiwa maiti."

Wendrich alichana karatasi ya mkuu, akaandika nyingine. Alijua simu itakayofuata, na hakuona haja ya kuharakisha. Aliandika maelezo ya mtuhumiwa neno kwa neno, na mwisho akaongeza kwamba yeye mwenyewe amekagua vidato vyote tisini na sita, vyote vizima, wala ngazi haikuhusika kwa namna yoyote na kifo cha marehemu.

Akamsomea mzee. Nestler hakujali pale palipoandikwa jina lake na kosa lake. Alipofikishwa kwenye sentensi ya mwisho, aliinua kidole.

"Hapo. Rudia hapo."

Wendrich akarudia, polepole. Mzee akasikiliza amefumba macho, kisha akaomba kalamu.