Mwashi Asiyejibu Simu

Stesheni ya Central, jijini Sydney, ilikuwa imefurika watu waliotoka kazini. Mbula alisimama ukingoni mwa jukwaa na sare yake ya unesi, koti jeusi begani, hana analowaza ila kufika nyumbani Blacktown avue viatu. Mara kitu kizito kikamdondokea kwenye vidole vya mguu.

"Mama yangu!" akapiga kelele kwa Kiswahili.

Mwanamume mmoja akainama haraka kuokota mfuko wa turubai uliokatika mkanda. Alikuwa mrefu, nywele nyekundu, na vumbi la rangi ya mchanga lilikuwa limemtanda hadi kwenye kope.

"Samahani sana, dada. Umeumia?"

"Umebeba maiti humo?"

"Patasi na nyundo. Mimi ni mwashi wa mawe."

Mbula akaacha kusugua kidole. Baba yake kule Wamunyu, Kenya, alikuwa mchonga vinyago, naye alikuwa amelelewa katikati ya patasi. "Baba yangu huchonga mbao," akasema.

"Mbao ni laini. Hiyo ni kazi ya mtu aliye likizo."

"Ngoja nimpigie simu umwambie hayo mwenyewe!"

Walipanda treni moja wakicheka. Walizungumza Kiingereza, cha Mbula kikiwa na lafudhi ya kwao Machakos, cha huyo mwanamume kikipanda na kushuka kama anayeimba. Jina lake Fintan. Alitoka magharibi mwa Ireland, kwenye ukoo wa waashi, na sasa alikuwa akikarabati kuta za kanisa la zamani karibu na bandari. Ilimpasa kubadilisha treni aende Merrylands, alikopanga chumba. Hakushuka. Alimsindikiza Mbula hadi Blacktown, akamsaidia kuvuka barabara, ndipo akarudi alikotoka.

Tangu hapo simu hazikukatika. Fintan alipiga wakati wa chai, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Umekula, mpenzi?" Neno hilo la Kiswahili alijifunza siku ya kwanza na alilipenda.

"Nimekula. Na wewe, mbona unakohoa hivyo?"

"Vumbi tu. Nikinywa chai linashuka."

"Fintan, mimi ni nesi."

"Na mimi ni mgonjwa wako. Nipe dawa jioni."

Mbula alicheka, akayaacha hapo. Jumapili zao za mapumziko walitembea ufukoni mwa bandari, na Fintan alimsimamisha kwenye kila jengo kumwonyesha jiwe alilolibadilisha yeye. Kulikuwa na jani moja la jiwe juu ya mlango wa kanisa, jembamba utafikiri upepo ungelipeperusha. Alipolionyesha, sauti yake ilishuka. Mbula aliyemjua kwa mzaha tu akaona kwamba huyu mtu ana kitu anachokiheshimu. Ndipo alipompenda hasa.

Basi akaamua kumpeleka kwa shangazi yake, Mama Cheryl, ndugu pekee aliyekuwa naye Sydney. Shangazi alizunguka maduka yote ya Waafrika kutafuta mahindi yaliyokobolewa ya kupikia muthokoi, chakula cha kwao Ukambani. Mbula alivaa gauni la kitenge la kijani lenye mabega yaliyovimba. Chakula kikaiva, kikapoa. Fintan hakuja, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Kesho yake aliandika ujumbe mmoja: "Nisamehe. Tafuta mtu mwingine." Alipopigiwa hakupokea.

"Huyo msee amekuruka, dadangu," alisema Wanjugu, rafiki aliyeishi naye. "Ameona mambo ya familia akaingia mitini. Mblock, ulale."

Mbula hakumblock na hakulala. Alienda kazini, akabadilisha mashuka, akapima watu presha, na kila simu ilipolia mfukoni alijichukia kwa jinsi alivyoikimbilia. Siku yake ya mapumziko alivaa jinzi na raba, akaenda kanisani kule bandarini akiwa na hotuba kali kichwani.

Aliyemkuta ni Déo, Mkongo aliyefunga majukwaa ya kupandia ukutani.

"Fintan? Haiko hapa tena, dada. Walimupima mapafu, docteur akamukataza kazi ya mavumbi kabisa. Hakukuambia?"

Hotuba yote ikamtoka Mbula.

Déo akamwelekeza chumba chake kule Merrylands. Fintan alifungua mlango akiwa na ndevu za siku nyingi. Alimwona, akatazama chini.

"Nani amekwambia?"

"Si wewe. Hilo ndilo lililonileta."

Akamweleza, wakiwa wamesimama pale pale mlangoni. Alipofika Sydney mara ya kwanza alikata mawe ya meza za jikoni kwa mashine, makavu, bila maji, wakivaa barakoa za karatasi tu. Karakana ile ilishafungwa. Vumbi lilibaki kifuani. Akikaa mbali nalo huenda akaishi miaka mingi. Huenda.

"Siwezi kazi yangu tena. Mbula, unashinda na wagonjwa siku nzima. Nikufanyie hivyo hata nyumbani?"

"Kazini nalipwa kuuguza watu. Nyumbani sitafuti mgonjwa, natafuta mwanamume anayepokea simu. Ulinichagulia, Fintan. Kama vile mimi sina akili zangu."

Fintan akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. Akalia. Mbula hakumbembeleza, alikaa kwenye ngazi akangoja amalize. Kisha akasema, "Nyoa. Uvae shati."

Kwenye treni alimpigia shangazi.

"Yule aliyenipikisha bure?" akauliza Mama Cheryl.

"Ndiye huyo, shangazi."

"Mlete nimwone hayo macho."

Mama Cheryl aliwakaribisha, akawawekea chai, kisha akamkazia Fintan macho. "Haya. Unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa mwashi. Sasa ni mgonjwa wa mapafu, na sijui nitafanya nini." Akavuta pumzi. "Naomba kumwoa Mbula."

Kikombe cha Mbula kikatua mezani kwa kishindo. "Fintan! Mimi hujaniuliza!"

"Nilidhani kwenu anaanza kuulizwa shangazi."

"Niulize mimi!"

Fintan akageuza kiti. Masikio yalikuwa mekundu. Akayatafuta maneno ya Kiswahili moja moja, akasema polepole, kwa heshima zote:

"Mbula. Mpenzi. Utanioa?"

Mama Cheryl akaangua kicheko hadi chai ikamwagika. "Mwambie, mwanangu! Mwambie mwanamke haoi, anaolewa!"

Mbula alimtazama yule mtu aliyekuwa hajui amekosea wapi. Hakumsahihisha.

"Ndiyo," akasema. "Nitakuoa."