Aliyeitwa Kwenye Kanda

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule, Paskazia alishinda studio kwa baba yake mdogo, Jonathan, kwenye vilima vya Ilemela. Jonathan alihamisha kanda za zamani za video kwenda kwenye kompyuta. Paskazia alipenda kukaa mbele ya skrini akiangalia kama picha inatoka safi au imejaa chenga.

Jumamosi hiyo kanda ilikuwa ya kwao wenyewe, ya Krismasi moja huko Nansio kabla yeye hajazaliwa. Ndani yake alikuwemo marehemu shangazi yake, aliyemwachia jina. Picha zake nyingine zote ziliharibika nyumba ilipovuja, na sasa Bibi Ng'washi alikuwa melini, anakuja kumwona binti yake huyo tena.

"Nakwenda kununua spiriti ya kusafishia deki," alisema Jonathan. "Kanda ikigoma, usiguse kitu. Nisubiri."

Nje mvua ilinyesha na studio ikaingia giza. Kwenye skrini msichana aliosha vyombo, ameipa kamera mgongo. Sauti nzito ikaita, "Paskazia!"

"Abee," akaitika kabla hajafikiri.

Shuleni walikuwa wakiambiana kwamba ukimwitikia marehemu, anakuja kukuchukua. Msichana yule akaanza kugeuka. Paskazia hakungoja kuuona uso wake. Alibonyeza kitufe cha kutoa kanda, akaivuta kwa nguvu, utepe ukanasa ndani ya deki.

Angeweza kusema kanda ilikuja mbovu, nani angembishia? Lakini alimfikiria Bibi ndani ya meli, akaona aibu.

Jonathan aliporudi, Paskazia alimwambia, "Baba mdogo, nimeiharibu. Niliogopa, nikaivuta."

Jonathan aliweka chupa ya spiriti mezani. Kisha alizima umeme, akafungua deki, akaunasua utepe taratibu kwa vidole na kuunyoosha.

"Ulikosea kuivuta," alisema hatimaye. "Lakini ungenyamaza, ningewasha deki na utepe ungekatika. Ukiharibu kitu, sema mapema, hata kama unaogopa."

Alasiri Bibi alifika, akaamkiwa, akaketi, na Jonathan akaiwasha kanda. Penye mkunjo picha iliruka, mistari ikapita, kisha ikatulia. Shangazi akageuka akicheka, povu limemganda shavuni. Uso wake ulikuwa ule ule ambao Paskazia huuona kwenye kioo. Woga ukamrudia.

"Bibi," alinong'ona, "alipoitwa, niliitika mimi. Wanasema atanichukua."

Bibi alimvuta karibu, macho yake hayakutoka kwenye skrini.

"Akupeleke wapi? Huyo hata kisimani hakwenda peke yake kwa woga." Akacheka kidogo, machozi yakamtoka. "Ukiogopa jambo, mjukuu wangu, njoo uliseme, usikae nalo. Tangu afe sikuacha kuliita jina lake. Kwa miaka mingi hakuna aliyeitika, mpaka ulipozaliwa wewe."