Kovu Lililokataa Kupigwa Picha

Kovu lilitoweka kwenye picha kwanza. Velma, muuguzi wa zahanati moja mtaa wa Abu Hamour, huko Ghuba, alilipiga picha paja la Athanas kwa simu mara tano, na mara zote simu ikaonyesha ngozi laini.

"Afande, umepaka nini?" alitania.

"Sijapaka kitu, sista. Piga tena."

Athanas, mlinzi katika mnara mmoja wa West Bay mjini humo, zamani alikuwa mwanajeshi wa Kenya. Bomu lilimpasua paja huko Somalia. Mara tatu rufaa yake ya fidia ya ulemavu ilirudishwa na jibu lilelile: rekodi za matibabu hazipo. Hakuna aliyesema zilipotea. Hazipo tu, kana kwamba kuvuja damu bila stakabadhi ni kukosa adabu. Rufaa ya nne ndiyo ya mwisho, na ilidai barua ya daktari aliyeliona kovu kwa macho yake. Daktari alikuwa chumba cha pili.

Velma aliinama. Sasa hata kwa macho kovu lilikuwa limebaki nusu. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, na ndani ya kabati la mafaili kitu kikaanza kutafuna karatasi.

"Athanas," alinong'ona, "ulifanya nini?"

"Wakala wa ajira aliniambia kovu kama hili halipiti vipimo vya viza ya Ghuba. Akanipeleka kwa mganga. Mganga akanipa jini, daktari yeyote asilione. Nikaandikiwa mzima."

"Na baadaye hukumrudisha?"

"Nilishapata viza, sista."

Kabati likacheka.

"Bahasha ya kwanza ya rekodi zako niliila mimi," sauti kavu ikasema. "Mbili zilizofuata makarani wenu walizirudisha bila kuzifungua. Nilijiona mjinga, kuhangaika bure."

"Nirudishie kovu langu!"

"Chukua. Lakini daktari asione, hilo ndilo agizo, na mganga aliyelitoa amekufa, hakuna wa kulifuta."

Kovu likarudi lote, jekundu, na Athanas akacheka kwa furaha hadi machozi yakamtoka, hakuona jinsi harufu ilivyozidi, wala jinsi Velma alivyorudi nyuma hadi ukutani, mkono mdomoni, akiutazama mlango uliokuwa ukifunguka na daktari akiingia na fomu yake, akipita mbele ya Athanas aliyekuwa amekunja suruali hadi juu ya paja akisema, "Daktari, tazama, hili hapa," akirudia, kisha akipiga kelele.

Daktari aliangalia saa.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko mbele yako," Velma alisema. "Tafadhali. Anakushika mkono."

Daktari aliutazama mkono wake, akamtazama Velma kwa huruma, akaegemeza fomu ukutani na kuandika: hakufika.