Siku Mlima Ulipofunga Barabara

Ijumaa ile duka la samaki la Warrawong, kwenye pwani ya Australia, lilifurika watu hadi mlangoni, na Slavica alikuwa akizozana na muuzaji kuhusu macho ya samaki, aliposikia sauti nyuma yake.

"Huyo samaki ana afya kuliko mimi, Slavi. Mchukue, wenzio tuna njaa."

Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Slavi. Akageuka. Kaptura na kandambili katikati ya baridi ya Julai. Nywele zilizokuwa na rangi ya mchanga sasa zimebaki mvi chache tu. Darryl! Mkono wa kulia wa Darryl ulitetemeka wenyewe, kana kwamba si wake.

"Kumbe hujafa wewe?"

"Nilijaribu, wakanirudisha."

Wakacheka mpaka muuzaji akauliza kama samaki ananunuliwa au hanunuliwi.

Walienda kunywa kahawa. Slavica aliketi na sweta yake ya rangi ya haradali, akijiambia yeye ni mjane, mtu mzima, hana la kutetemekea. Lakini alikuwa ameshafika mbali. Kimawazo alikuwa ndani ya gari lile la Darryl la rangi ya chungwa, enzi za ujana wao, vioo vimeshushwa, ubao wa kuteleza kwenye mawimbi umefungwa juu, Darryl akiimba vibaya huku barabara ikijipinda kati ya mlima na bahari. Gauni lake la kanisani lilificha vazi la kuogelea, baba asijue. Chumvi midomoni, viazi vya kukaanga vyenye siki mapajani, na wote wawili wakiamini kwamba barabara ile ilichongwa kwa ajili yao.

"Nilikungoja Austinmer na mkoba wangu," alisema ghafla. "Tulipanga kwenda kuoana Sydney. Nilikaa pale ufukweni mpaka watu wote wakaondoka. Hukuja."

Darryl aliweka kikombe chini. "Mlima uliporomoka, Slavi. Mawe yalifunga barabara upande wangu. Nikapiga simu kwenu, akapokea bibi yako. Nikamwambia: mwambie anisubiri kesho, palepale. Akasema ndiyo. Nikamuuliza, umenielewa bibi? Ndiyo. Utamwambia? Ndiyo, ndiyo."

Slavica aliziba mdomo kwa kiganja. "Bibi hakujua Kiingereza. Neno lake la Kiingereza lilikuwa hilo moja tu!"

"Nami kesho yake nilikungoja. Nikasema, basi, amebadili nia."

Hakukuwa na wa kumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Laiti angepatikana hata mtu mmoja wa kumchukia!

Kesho yake asubuhi simu ililia. Alikuwa Darryl.

"Bibie, nipeleke ufukweni. Leseni yangu wameichukua kwa sababu ya ugonjwa huu wa kutetemeka."

"Nani kakwambia mimi ni dereva wako?"

"Wiki ijayo binti yangu ananihamishia kwake, Perth. Siwezi tena hata kufunga vifungo."

Slavica aliacha utani, akamwambia atamchukua Jumapili.

Jumapili, dada yake alipokuja kushika zamu ya kumlea mama yao, aliyekuwa hatoki tena kitandani, walishika barabara ya pwani. Walipita Thirroul, wakapita Austinmer bila kusimama, wakavuka daraja lililojengwa juu ya maji ili mlima uanguke upendavyo. Kwenye ufukwe wa Stanwell Park, Darryl alishuka. Miguu ikaukataa mchanga. Slavica akamshika kiunoni, wakayumba, wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Wakarudi kukaa garini, Slavica akimlisha viazi vya kukaanga kimoja kimoja.

"Nilikuwa nakubeba mgongoni hadi majini."

"Na kunitupa, mshenzi wewe."

Darryl alimgeukia. "Slavi, ningekuomba uolewe nami sasa, ungesemaje?"

"Omba kwanza."

"Olewa nami."

"Nimekubali, mpenzi."

Slavica alimfuta chumvi mdomoni. Hakuna aliyesema neno juu ya mama asiyeweza kuachwa, wala juu ya Perth, bara zima katikati. Waliyajua. Simu ya Darryl ikalia: binti yake, akiuliza yuko wapi na kama amemeza dawa.

"Niko na mchumba wangu," alijibu. Binti akacheka, akidhani ni mzaha, akamwomba asichelewe.

Wakati wa kurudi Slavica aliendesha polepole. Magari yakajipanga nyuma yake, honi zikalia. Gari la vijana waliolowa, mbao za mawimbi juu, likawapita kwa kishindo, msichana akatoa kichwa dirishani: "Bibi, kanyaga mafuta!"

Darryl alikuwa amelala, mkono wake ukitetemeka ndani ya mkono wa Slavica. Slavica hakukanyaga. Akapunguza mwendo zaidi, na barabara ikazidi kwisha.