Aliyeitikia Jina la Feruzi

Viatu vilisikika Jumanne, baada ya alasiri: hatua nane nzito, zenye misumari, zikigonga kama juu ya simenti. Nadia alitazama sakafu ya chumba cha baba yake. Ilikuwa ya udongo.

Siku nne kabla, yeye na baba yake, mzee Saleh, walitoka Baraka kwenda upande wa Lulimba kutafuta kaburi la Feruzi, babu yake Saleh, askari aliyefia njiani enzi za Wabelgiji. Ini la Saleh lilikuwa limeharibika. Alitaka kumsomea babu yake dua kabla naye hajafa. Wakulima waliwaonyesha rundo la mawe, wakisema askari alilala pale. Saleh akapiga magoti, akaita "Feruzi!" mara tatu, akafunga udongo wa kaburi katika kitambaa ili aulaze karibu na kitanda chake.

Nadia alikuwa ameweka dira ya simu juu ya mawe. Kaburi lilinyooka kaskazini kwa kusini. Muislamu wa Baraka huzikwa mashariki kwa magharibi, uso ukielekea kibla. Lakini baba alikuwa akilia kwa furaha. Nadia akazima simu bila kumwambia.

Sasa hatua zilirudi kila alasiri, na harufu ya ngozi iliyolowa na mafuta ya bunduki, ikapita ukumbini, ikaingia jikoni, ikasimama nyuma ya shingo yake kiasi kwamba alikoroga bugali bila kuthubutu kugeuka, akihesabu pumzi ambazo hazikuwa zake.

Alimwita mwalimu Iddy, anayewasomea wagonjwa dua.

"Mulimuita kwa jina?" Iddy aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mara tatu, mwalimu. Lakini kaburi haikuwa yake. Niliona."

"Na ile masomo yote ya Bukavu, we ukanyamaza?" Akatikisa kichwa. "Irudishe ile udongo leo. Kwanza umuambie huyo askari mbele ya papa yako: we si Feruzi."

Waliingia chumbani. Hatua zilinyamaza kando ya kitanda.

"Papa," Nadia alisema, "huyu si Feruzi, si nkambo yako."

"Najua, mama," Saleh alijibu polepole. "Tangu siku ya kwanza. Lakini nkambo yangu nilimuita miaka yote, hakukuja. Huyu alikuja."

Akasogea ukutani, akaacha nafasi. Godoro likabonyea.

Iddy aliokota kandambili zake, akatoka bila kuaga.