Pumzi Ndani ya Tangi

"Bisheni!" Ndivyo Mbwembwe anavyoanza siku zote. "Bisheni sasa hivi mkiwa na nguvu, maana nikimaliza, kuna mtu mzima humu atasindikizwa nyumbani kwa kushikwa mkono."

Hapo huwa amekalia kiti cha kinyozi, povu nusu shavu, na ndevu zenyewe za kutafuta kwa tochi. Kinyozi huweka wembe chini. Wateja wa kwenye benchi huzima simu. Shule Mbwembwe aliacha mapema. Mwenyewe husema shule ndiyo iliyomwacha, ilishindwa kwenda na kasi yake. Lakini kwa kusimulia, hata walimu waliomtimua wangevuta viti.

Na hadithi yake ni moja tu. Ile ya mashine ya makasia.

Jumba la mazoezi lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri, unapanda kwa ngazi ya chuma inayolia kila ukikanyaga. Mbwembwe alikuwa mtu wa usafi pale, ingawa mtaani alijitambulisha kuwa ni kocha msaidizi. Alifuta jasho la watu kwenye viti, akakunja mikeka, akawakatia plasta wale waliochubuka viganja. Mkasi mdogo wa kazi hiyo haukutoka mfukoni mwake.

Mashine yenyewe ilikaa dirishani. Kiti kinaserereka juu ya reli, mpini umefungwa kwenye mkanda, na mbele kuna tangi la duara lililojaa maji, makasia madogo yamo ndani. Ukivuta mpini, makasia yanazunguka na maji yanalia. Shwaaa... Ukirudi mbele, yanatulia. Unapiga makasia mpaka ulimi nje, na hujafika popote.

Ukutani palikuwa na ubao. Juu kabisa, kwa chaki, mita elfu mbili, muda wa dada yake.

Dada huyo, wa kuzaliwa naye, alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na pumu tangu utotoni. Daktari alimwambia autie mwili mazoezi. Akaja kujaribu, akanogewa, akawapita wanaume wenye mabega kama milango. Ndiye aliyemfundisha Mbwembwe kuvuta. "Kwa miguu, wewe!" alikuwa akipiga kelele. "Vuta kwa miguu, si kwa mdomo!" Jumba zima lilikuwa likivunjika mbavu.

Kisha ukaja msimu wa vumbi. Kifua kikamfunga, akakata roho wakiwa njiani kwenda hospitali.

Kocha hakufuta ubao. Mbwembwe akajipiga kifua mbele za watu kwamba muda ule atauvunja yeye, tena kabla watu hawajamaliza kuja kutoa pole. Kila jioni alivuta. Kila jioni alibaki nyuma kidogo. Leo viatu vinabana. Kesho kalala vibaya. Keshokutwa upepo, na yumo ndani ya nyumba!

Jioni ya mkasa, Kocha alichungulia tangi akakunja uso.

"Hili limekuwa bwawa la vyura. Badilisha maji kabla sijarudi. Na yafike kwenye mstari, usinipunje."

Mbwembwe akamwaga yote, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Ndoo ya akiba iliishia vidole viwili chini ya mstari. Mwingine angesubiri. Yeye alitaka kuvuta jioni ileile, na nyumbani ni mtaa wa pili tu, akachomoka mbio.

Mama alikuwa ametoka. Ndoo za jikoni zilikuwa kavu. Chumbani kwa mama, chini ya kitanda, nyuma ya viatu, akaona dumu dogo limefungwa kwa kitambaa cha kichwa. Kitambaa cha dada.

Akacheka peke yake. "Mama naye! Maji anayaficha kama dhahabu."

Aliporudi akafungua kifuniko. Harufu ya mkaratusi ikampanda puani, ile dawa ya kuchua ambayo dada alikuwa akijipaka kifuani kila akilala. Akaona labda dumu liliwahi kuwekewa dawa hiyo. Akamimina. Nusu ya dumu ikafikisha maji kwenye mstari.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati. Chini, duka la vipuri lilikuwa linateremsha milango. Akakaza kamba za miguuni, akashika mpini, akavuta.

Shwaaa...

Maji yalikuwa mazito. Lakini mashine ilikwenda! Kioo kidogo cha mashine, kile cha betri, kilionyesha kasi ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Akaanza kutabasamu.

Shwaaa... kimya. Shwaaa... kimya.

Kwenye kile kimya, kulikuwa na kitu.

Pumzi.

Si yake. Yake aliibana ili asikilize.

Ilitoka nyuma. Na mpiga makasia, mabwana, huipa mgongo njia anayokwenda. Kilichoko nyuma yake hakioni. Shingo yake ikahisi joto, kama mtu amekaa kwenye reli ileile, anavuta pamoja naye, mwendo mmoja.

Taa zikakatika. Mtaa mzima.

"Kwa miguu..." Mnong'ono, sikioni kabisa. "...si kwa mdomo."

Mbwembwe akaacha kuvuta. Makasia yakapunguza mwendo, maji yakatulia, na ile pumzi ikaenda mbali... mbali zaidi... ikaisha. Giza na harufu ya mkaratusi tu. Angeweza kukimbia. Ngazi ilikuwa hatua chache. Badala yake akashika tena mpini, akavuta mara moja.

Pumzi ikarudi.

Ngazi ya chuma ikalia. Mtu anapanda haraka, bila viatu.

"Dumu langu liko wapi?" Ilikuwa sauti ya mama, chini kwa chini, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mama, nilidhani ni maji tu. Bomba..."

"Umeyamwaga chini?"

"Hapana. Yamo humu, kwenye tangi. Mengine hayo hapo, kwenye dumu."

Alisema hayo bila kuacha kuvuta. Mama akatega sikio. Akaisikia ile pumzi.

"Ni yeye," akanong'ona.

"Mama, haya ni maji gani?"

"Tuliyomwoshea siku ile, kabla ya kumzika." Akapapasa gizani mpaka akashika bega la mwanawe. "Wenzangu walipogeuka, nilikinga. Kuna mwanamke aliniambia yakikaa bila kugusa ardhi, mtoto hawezi kwenda mbali. Nilidhani ananidanganya. Nilikinga hivyohivyo."

Mtaani walikuwa wameshaanza kumwita mchawi, kwa kuwa walimsikia akiongea peke yake chumbani. Mbwembwe alikuwa amepigana na watu wawili kwa neno hilo, akapigwa na wote wawili. Yeye, Mbwembwe!

"Basi niache kuvuta, mama. Tushuke."

"Vuta, baba."

"Mama..."

"Nakuomba. Usisimame."

Akavuta. Mama akapiga magoti mwisho wa reli, akaanza kuongea na giza. Hakulia. Alipiga soga za kawaida, kama dada karudi kutoka kazini. Kwamba yule mteja wa gauni la bluu alikuja, na amempa gauni hivyohivyo, halina mikono. Kwamba cherehani haiguswi na mtu. Kwamba mdogo wake siku hizi hali vizuri, anajifanya ameshiba.

Lakini Mbwembwe alikuwa akisikiliza kifua.

Walilala chumba kimoja utoto mzima, yeye na dada. Filimbi ya kifua kile aliijua hatua kwa hatua. Kwanza huwa kama birika linaloanza kuchemka chumba cha pili. Kisha hukwaruza kama msumeno. Halafu huja ile nyembamba, kama uzi unaopita tundu la sindano, na hiyo aliisikia mara moja tu, njiani kwenda hospitali.

Sasa ilikuwa msumeno.

Kila akivuta, maji yalilia, na filimbi ikazidi kubana. Akapunguza.

"Usipunguze!" mama akasema. "Anasogea. Namsikia anasogea!"

Viganja vilichanika. Damu ikatelezesha mpini. Kioo kikamwonyesha yuko mbele ya muda wa dada, mbele kabisa, zimebaki mita chache. Mita chache tu, na wa juu ubaoni angekuwa yeye.

Filimbi ikawa uzi.

Twap!

Mpini ukaruka mbele, ukagonga tangi. Makasia yakazunguka peke yao gizani, polepole, na kitu kikashusha pumzi ndefu...

Kimya.

Umeme uliporudi, mama alikuwa bado amepiga magoti, mikono ameinyoosha, amekumbatia hewa. Mkanda wa mashine ulikuwa unaning'inia, vipande viwili.

"Mkanda, mabwana!" Hapo Mbwembwe husimama kwenye kiti cha kinyozi na povu lake. "Mkanda ungekuwa imara kidogo tu, mngekuwa mnasimuliwa na mwingine!" Wateja hushusha pumzi. Mmoja hucheka kwa nguvu kupita kiasi. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka nje.

Wiki iliyopita, wateja walipokwisha kuondoka, Kinyozi alikuwa anafagia nywele. Jua lilikuwa linazama.

"Hebu niambie," akasema. "Lile dumu lilibaki nusu. Liko wapi?"

Mbwembwe hakujibu kwa mzaha. "Mama analo."

"Na ya kwenye tangi?"

"Niliyachota mimi. Nikayabeba mpaka kaburini kwake, nikayamwaga pembeni, taratibu. Nilidhani yameisha." Akajifuta shavu ambalo halikuwa na povu. "Mama aligundua kwamba mashine si lazima. Maji yakitikisika, inatosha. Kila jioni anajifungia chumbani na dumu. Nipo upande wa pili wa ukuta. Chubwi... chubwi... Halafu pumzi. Ila sasa ni nusu, kaka. Inavuta ndani. Inavuta ndani tena. Haitoki."

Kinyozi akaegemeza ufagio ukutani. "Si ulichukue hilo dumu ulimwage?"

Mbwembwe akatoa mkasi mdogo mfukoni, ule wa plasta, akauweka juu ya meza mbele ya kioo. Meno ya mkasi yalikuwa yamekunjika, kama yaliwahi kulazimishwa kutafuna kitu kigumu.

"Mkanda haukukatika," akasema.

"Sasa ile twap...?"

"Mpini. Niliuachia. Mama akiwa bado hajui kilichotokea, nikaukata mkanda gizani, ili nipate cha kusema." Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kila siku. "Dada aliongea mara ya pili. Hapo ndipo huwa naparuka nikisimulia. Alisema, 'Nimechoka, mdogo wangu. Mwambie mama anilaze.'"

"Ukamwambia?"

Mbwembwe akatazama mlangoni. Nje kiza kilikuwa kinaingia. Ni saa hizi mama huwa anafunga mlango wa chumba.

"Wewe unanijua mdomo wangu," akasema. "Kila jioni nafika mpaka mlangoni kwake. Nainua mkono nigonge. Halafu namsikia anamsimulia lile gauni la bluu..."

Akauchukua mkasi, akaurudisha mfukoni.

"Sijamwambia."